Homoni za Kiume, Panya wa Maabara na Vifaranga vya Sato: Maelezo kwa Ajili ya Ufugaji wa Samaki katika Mwambao wa Rumonge

Makala haya yanafafanua namna homoni za steroidi zijengazo mwili zinavyokuza tishu za wanyama wa maabara. Maarifa hayo yanatumika kutazama suala linalowagusa wakazi wa Rumonge, ambako ndagala na mukeke ndio kitoweo na riziki: ufugaji wa sato waliogeuzwa jinsi kwa homoni.

Mwaka 1935 Kochakian na Murlin walionyesha kwamba mbwa waliohasiwa, wakipewa homoni za kiume, hupunguza naitrojeni itokayo kwenye mkojo. Yaani mwili huhifadhi protini. Baadaye panya akawa ndiye kipimo. Katika mbinu ya Hershberger, iliyoelezwa mwaka 1953 na kupitishwa na OECD mwaka 2009 kuwa mwongozo namba 441, panya dume waliohasiwa hupewa kemikali kwa siku 10, kisha tishu zao hupimwa uzito, zikiwemo tezi dume na msuli wa nyonga uitwao levator ani. Homoni hushikana na kipokezi ndani ya seli, nacho huamsha jeni zinazoongoza utengenezaji wa protini. Hata hivyo, msuli huo huitikia androjeni kupita kiasi. Misuli ya miguu ya panya yuleyule huitikia kidogo mno. Anayechukua matokeo yake na kuyahamishia kwa ng'ombe au samaki anakosea.

Kwa sato, hoja si nyama hata kidogo. Vifaranga hulishwa methiltestosteroni, kwa kawaida miligramu 60 katika kila kilo ya chakula, kwa siku 21 hadi 28, ili karibu wote wawe madume. Dume hukua haraka kwa kuwa jike hutumia nguvu zake kutaga na kuatamia mayai mdomoni, na bwawa lenye jinsi zote hujaa visamaki. Samaki huuzwa miezi mingi baada ya dawa kusitishwa, mabaki yakiwa yamekwisha kutoka mwilini. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya, unaokataza homoni za kunenepesha mifugo, katika Agizo 96/22 unaruhusu kugeuza jinsi ya samaki wachanga wasiozidi miezi mitatu.

Kwa maoni yangu, mshauri wa sera asimhofie mlaji kuliko mfanyakazi achanganyaye chakula hicho kwa mikono mitupu, au tope la bwawa linalohifadhi homoni. Zaidi ya hayo, ugeuzaji haufikii asilimia 100. Hata dume akitoroka, udume wake haumzuii kuzaliana na majike wa Oreochromis tanganicae, jamaa yake asiyepatikana penginepo duniani. Kwa hiyo vifaranga wanaopewa dawa wafugwe katika matangi ambayo maji yake hayamwagwi moja kwa moja ziwani. Kwa kuwa ziwa ni la nchi nne, sharti hilo lipelekwe kwenye Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, Bujumbura, chini ya Mkataba wa 2003, kabla mabwawa hayajaongezeka.