Adabu ya Kileleni

Dumila ni njia panda. Mabasi ya Dodoma hupunguza mwendo, wauza nyanya na vitunguu hukimbilia madirishani, na barabara nyingine huchepuka kuelekea Kilosa. Msafiri mwenye redio ya ridhaa begani, ile ya wanaowasiliana hewani kwa kupenda tu, akishuka hapo, macho yake huenda juu kwanza. Magharibi iko milima ya Ukaguru, kaskazini Nguru, na kusini mashariki, ng'ambo ya tambarare, Uluguru. Anatafuta kilele kitakachomfikisha mbali.

Sababu yake ni ya kisayansi. Mawimbi ya megahezi 145 husafiri karibu kama mwanga: mlima ukisimama mbele, yanakwama. Ukiwa bondeni Dumila, kilima kimoja tu chaweza kukutenga na mwenzako aliye wilaya ya pili. Lakini ukiwa Lupanga, kilele cha Uluguru chenye mita 2,138, upeo wa mawimbi hayo hufika kama kilomita 190 pasipo kizuizi, na Dar es Salaam haizidi hapo kwa mstari ulionyooka. Kwenye megahezi 14 mambo ni mengine kabisa. Mawimbi hupanda hadi tabaka za juu za angahewa na kurudishwa chini mbali sana, hivyo wati tano za betri na waya wa mita kumi huweza kusikika Ulaya.

Watu wa redio za ridhaa ni jamii isiyo na kijiji, ila ina mila zake, na mila hizo hushikwa kwa ukali kuliko za vijiji vingi. Kila mmoja hutambulishwa kwa alama ya mwito iliyotolewa na nchi: za Tanzania huanza na 5H, za Kenya 5Z, za Uganda 5X, za Oman A4. Sultani Qaboos bin Said alikuwa mmoja wao, kwa alama A41AA. Hewani vyeo huwekwa kando. Watu huitana kwa jina la kwanza na alama. Biashara ni marufuku kwa sheria, na siasa na dini huepukwa kwa desturi, ili aliye upande wa pili wa dunia asifukuzwe na neno la mtu asiyemjua.

Mila kubwa kuliko zote ni kusikiliza. Kabla hujaita, unatega sikio. Kisha unauliza kama masafa yanatumika, unangoja, unauliza tena. Hapo ndipo unapotoa CQ, mwito wa kumwita yeyote anayesikia, sawa na mtu anayepiga hodi: husemi shida yako mlangoni, wala huingii kabla ya kukaribishwa. Anayejibu hutaja alama yake, mnapeana taarifa za usikivu, 59 ikimaanisha unasikika vizuri sana, mnatajiana mahali mlipo, mnaagana kwa 73, yaani salamu njema, basi. Kwa mgeni mazungumzo hayo huonekana makavu. Mimi nayaona yana heshima kubwa, kwa sababu nyuma yako kuna wengine kumi wanaosubiri zamu kimya.

Wapanda vilele waliongeza mila za kwao. Mpango wa kurusha kutoka vileleni, unaojulikana duniani kwa herufi SOTA (Summits on the Air), ulianza Uingereza mwezi Machi 2002, na kanuni zake zimekuwa desturi hata kwa wanaopanda vilima visivyo kwenye orodha yake. Vifaa ubebe mwenyewe hadi juu. Usirushe mawimbi kutoka ndani ya gari, usiwashe jenereta. Kilele hukupa pointi ukipata mawasiliano yasiyopungua manne. Ndiyo maana Bondwa, kilele kingine cha Uluguru, pamoja na urahisi wake, huwapa wengi shida: minara ya mawasiliano iliyoko kileleni huzidi nguvu redio ndogo ya mkononi, nayo huwa kama haisikii. Inabidi usogee, au upande kwingine.

Dharura inapoingia, michezo yote hukoma. Desemba 2004 kundi la Wahindi wa redio za ridhaa lilikuwa Port Blair, visiwa vya Andaman, limekwenda kuwasiliana na dunia kwa raha tu. Tarehe 26 tsunami ikapiga. Bi. Bharathi Prasad na wenzake wakageuza redio zao kuwa njia ya kupeleka habari za walionusurika. Dumila nayo inajua kukatikiwa njia: mafuriko ya Januari 2014 yaliharibu daraja la Magole, barabara ya Morogoro na Dodoma ikafungwa.

Hata hivyo, wasafiri wengi wanaotunza adabu ya hewani husahau adabu ya mlima wenyewe, na hilo linaniuma. Leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, inakuruhusu kurusha, haikupi kilima. Uluguru ina hifadhi ya mazingira asilia tangu 2008, na kibali huombwa Morogoro. Kabla ya hapo palikuwa na wenyewe: Wazaramo walisafiri toka upande wa pwani kwenda kwa Kolelo, mzimu wa Uluguru, kuomba mvua. Ukaguru nako kuna misitu ya matambiko. Mtu akirusha kamba juu ya mti wa mahali kama hapo ili atundike antena, amekosa kabla hajabonyeza kitufe. Aanze kwa mtendaji wa kijiji, asalimie wazee, aombe kijana wa hapo amwongoze, na aeleze waya ule ni wa nini, maana mgeni mwenye waya na betri kilimani hudhaniwa anatafuta madini.

Na akiuliza, ataambiwa pia jina la kilima. Daftari la mawasiliano hutumia saa ya dunia, kwa hiyo saa sita mchana ya Dumila huandikwa 0900, ikifuatiwa na masafa, alama na taarifa ya usikivu. Safu ya mahali wengi hujaza urefu kwa mita tu. Waandike jina, kama wenyewe wanavyolitamka, na walisome hewani taratibu, herufi kwa herufi, hadi wa ng'ambo alirudie sawasawa.