Msimbo ulio wazi na mtego uliokuwa ndani ya furushi

Ijumaa ya tarehe 29 Machi mwaka 2024, Andres Freund, mhandisi wa kampuni ya Microsoft na mmoja wa wajenzi wa hifadhidata ya PostgreSQL, aliutangazia ulimwengu wa kompyuta jambo lililowanyima wengi mapumziko ya sikukuu ya Pasaka. Alikuwa ameona kwamba kuingia katika kompyuta yake ya majaribio kwa njia ya SSH kulichukua takriban nusu sekunde zaidi ya kawaida. Nusu sekunde: wengine wangeulaumu mtandao na kuendelea na shughuli zao. Freund aliifuatilia, ikamfikisha kwenye maktaba ndogo iitwayo liblzma, na ndani yake akakuta mlango wa siri.

Ili kufahamu jinsi mlango huo ulivyotiwa humo, ni lazima kwanza kufahamu jinsi maktaba ya programu inavyoundwa.

Maktaba, kwa wataalamu wa kompyuta, si jengo la vitabu. Ni mkusanyiko wa kazi zilizokwisha kuandikwa, ambazo programu nyingine huziazima badala ya kila mwandishi kuanza upya. Liblzma, iliyo sehemu ya XZ Utils, hubana mafaili ili yachukue nafasi ndogo na kuyafungua tena yanapohitajika. Mtumiaji wa kawaida huipokea ikiwa tayari, kama anavyonunua unga dukani. Lakini hii ni programu huria: msimbo chanzo wake, yaani maandishi yanayosomeka na binadamu kabla ya kugeuzwa kuwa lugha ya mashine, uko wazi kwa wote. Anayetaka huweza kuchukua nafaka na kwenda kujisagia.

Wanaojisagia wana sababu zao. Mmoja anataka toleo jipya ambalo mfumo wake haujalipokea. Mwingine ana kompyuta ya aina isiyotayarishiwa maktaba hiyo. Mwingine anataka tu kujua anaweka nini ndani ya mashine yake.

Kwa maktaba nyingi zilizoandikwa kwa lugha ya C, hatua ni tatu. Baada ya kupakua furushi la mafaili na kulifungua, mtu huandika ./configure. Hiyo ni skripti inayoikagua kompyuta: je, kompaila ipo? Maktaba nyingine zinazotegemewa zipo? Ikiridhika, huandika faili la maelekezo liitwalo Makefile. Hatua ya pili ni make, ambapo kompaila huyasoma maandishi na kuyageuza kuwa lugha ya mashine. Mwangalifu huongeza make check, ili maktaba ijaribiwe kabla ya kutumika. Hatua ya tatu, make install, hunakili matokeo, kwa kawaida chini ya /usr/local, na huhitaji mamlaka ya msimamizi wa mfumo. Asiye na mamlaka hayo hutaja katika hatua ya kwanza, kwa neno --prefix, mahali pengine pa kuiweka, kwa mfano ndani ya makazi yake mwenyewe.

Wengi hukwama baada ya hapo. Maktaba imewekwa, hakuna kosa lililoripotiwa, lakini programu inalalamika kwamba haiioni. Katika Linux mara nyingi sababu ni ndogo: mfumo huweka orodha ya maktaba zake, na orodha hiyo haijaandikwa upya. Amri ya ldconfig huimaliza kazi hiyo, mradi mahali ilipowekwa maktaba ni miongoni mwa sehemu ambazo mfumo umeagizwa kuzitazama.

Mtego wa liblzma ulitegwa katika hatua ya kwanza, ile ambayo karibu kila mtu huipita bila kuitazama. Skripti ya configure huwa na maelfu ya mistari, nayo huzalishwa na programu nyingine. Ni wachache mno wanaoisoma. Katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, ya Februari na Machi 2024, furushi lililotolewa kwa umma lilikuwa na faili moja dogo lililobadilishwa, build-to-host.m4, ambalo kwa sura hiyo halikuwamo katika hazina ya msimbo iliyokuwa ikisomwa na wote. Skripti ilipoendeshwa, faili hilo lilifungua sumu iliyofichwa ndani ya mafaili mawili yaliyodaiwa kuwa ya majaribio. Hakuna aliyeyashuku, kwani programu ya kufungua mafaili yaliyobanwa hujaribiwa pia kwa mafaili yaliyoharibika makusudi.

Cha ajabu ni kwamba aliyejisagia nyumbani hakuwa windo. Sumu ilijiunga na maktaba pale tu ilipotambua kwamba furushi linaundwa kwa utaratibu wa Debian au wa RPM, kwa ajili ya Linux katika kompyuta za aina ya x86-64. Walengwa walikuwa wasagaji wa jumla, wanaowalisha mamilioni. Katika baadhi ya mifumo hiyo, huduma ya SSH ilikuwa ikiivuta liblzma bila kuihitaji yenyewe, kupitia maktaba ya systemd. Na hapo mwenye ufunguo wa siri angeweza kutoa amri katika seva ya mtu mwingine bila kuulizwa neno la siri. Matoleo ya majaribio ya Debian na Fedora yalikwisha kuipokea. Debian iliyo thabiti ilikuwa haijafikiwa.

Kulinganisha sahihi ya kielektroniki, kinga inayohimizwa kila mara, kusingesaidia kitu. Aliyetia sahihi furushi ndiye aliyetega mtego. Alijiita Jia Tan, na alianza kwa kuleta marekebisho ya kweli na yenye manufaa, hata akaaminiwa kutoa matoleo. Lasse Collin wa Finland, aliyeitunza XZ kwa miaka mingi, alikuwa amekwisha kueleza mwaka 2022 kwamba hiyo ni kazi ya kujitolea isiyo na malipo, huku watu wakimshinikiza aongeze kasi au awaachie wengine.

Tangu hapo baadhi ya watayarishaji wa mifumo wameanza kuchukua msimbo moja kwa moja kutoka hazina yake na kuizalisha configure wao wenyewe, badala ya kuipokea ikiwa imetengenezwa. Ni kazi zaidi, na huhitaji zana kama Autoconf na Automake, lakini faili lililopenyezwa kati ya hazina na furushi hukosa njia ya kuingilia. Toleo la 5.6.2, lisilo na mtego, lilitolewa na Collin mwenyewe mwishoni mwa Mei 2024.