Kiduha: ua dogo linalosikia njaa ya mahindi

Barabara ya kutoka Mbinga mjini hadi Mbamba Bay ni mteremko juu ya mteremko. Huku juu, kwenye milima ya Wamatengo, kuna baridi, kahawa na mashamba ya ngoro. Kule chini, kwenye kimo kisichofika mita 500 kutoka usawa wa bahari, ndiko liliko Ziwa Nyasa: joto, mchanga, muhogo, mpunga, na mahindi hapa na pale. Ukipita kwenye mashamba ya tambarare za namna hii mvua zinapoelekea kuisha, usitazame juu kwenye mabua. Inama. Chini ya mahindi yaliyodumaa unaweza kukuta ua jekundu kama pilipili iliyoiva, dogo kuliko ukucha wa kidole gumba.

Mgeni atalisifu. Mwenye shamba hatalisifu, maana hicho ni kiduha. Ng'ambo ya ziwa, Malawi, wanakiita kaufiti, yaani kachawi. Wataalamu wa mimea wanakiita Striga asiatica, na striga kwa Kilatini ni mchawi vilevile. Ajabu ni kwamba watu wasiojuana wamekipa jina lilelile.

Tukitazame vizuri, kwa sababu kama mmea kinastahili. Ni mmea wa msimu mmoja, kimo chake sentimeta 15 hadi 30, yaani shubiri moja hivi. Shina lina pembe nne. Majani ni membamba na yanakwaruza ukiyapapasa, kwa ajili ya vinyweleo vigumu. Ua ni mrija mwembamba uliopinda karibu na juu, mfano wa shingo ya mtu anayechungulia dirishani, kisha unafunguka midomo miwili: wa juu mfupi, wa chini wenye ncha tatu. Koo lake mara nyingi ni la njano. Kikombe cha kijani kinachoshika ua kina mistari 10 iliyoinuka, na inafaa kuihesabu, kwa kuwa ndugu yake mkubwa anayesumbua mashamba ya kandokando ya Ziwa Victoria, Striga hermonthica, ana mistari mitano na maua ya waridi.

Ndugu huyo huhitaji wadudu wa kumletea chavua. Kiduha chetu hujichavusha chenyewe. Kwa hiyo mche mmoja tu uliosahaulika pembeni mwa shamba unatosha kuanzisha ukoo mzima. Kila kifuko cha mbegu hubeba mamia, na mche mmoja ulionawiri unaweza kutoa makumi ya maelfu. Mbegu moja ina upana wa robo milimita hivi. Ukizimwaga kiganjani utadhani ni ugoro. Zinaweza kukaa ardhini zaidi ya miaka 10 zikiwa hai.

Zinangoja nini? Mvua peke yake haiziamshi. Kwanza hulowana wiki moja au mbili katika udongo wenye joto, na hata hapo hazitoi mzizi. Huota pale tu zinapopata harufu, tuseme hivyo, ya kemikali inayotoka kwenye mizizi ya mimea kama mahindi, mtama, ulezi, mpunga au nyasi za jamii hiyo. Hapo mbegu hutoa mzizi ambao hauwezi kwenda zaidi ya milimita chache. Ukikosa mzizi wa mwenyeji ndani ya siku chache, unakufa. Ukiufikia, ncha yake huvimba na kuwa mdomo wa kunyonyea, unaoitwa haustoria, unaopenya hadi kwenye mirija inayopandisha maji. Kuanzia hapo kiduha huishi chini ya ardhi kwa wiki kadhaa bila jani hata moja la kijani, kikilishwa na mahindi. Kikishatokeza juu, majani yake huendelea kuachia mvuke ovyo, hata mwenyeji anapobana maji yake, na kwa kufanya hivyo huyavuta maji upande wake. Ndiyo maana mahindi hunyauka wakati udongo bado una unyevu. Mkulima anapoliona ua, sehemu kubwa ya hasara imekwisha kutokea. Uchawi unaosemwa ndio huo.

Mwaka 1966 watafiti wa Marekani walifanikiwa kuitenga kemikali ya aina hiyo ya kuamsha mbegu kutoka kwenye mizizi ya pamba wakaiita strigoli. Likabaki swali la kuudhi: ni mwenye nyumba gani anayempigia mwizi mbinja? Mmea ungefaidika nini kumwita adui yake? Jibu lilichelewa karibu miaka 40. Mwaka 2005 watafiti wa Japani, akiwamo Kohki Akiyama, walionyesha kwamba wito huo unawaendea kuvu wa ardhini wanaoungana na mizizi na kuipatia fosforasi. Kiduha kinadukiza tu. Mwaka 2008 ikajulikana pia kuwa kemikali za kundi hilo, strigolaktoni, ndizo zinazozuia mmea kutoa matawi mengi kupita kiasi. Kwa hiyo mahindi hayawezi kunyamaza kirahisi. Wito wenyewe ni sehemu ya mwili wao.

Na mmea ukikosa fosforasi huita kwa sauti kubwa zaidi. Mimi naona hapa ndipo penye kiini cha habari yote. Udongo uliochoka una kuvu wachache wa kuitikia na kiduha kingi cha kusikiliza.

Milimani, Wamatengo wana namna yao ya kuulisha udongo. Hufyeka nyasi, huzilaza zikikatana mfano wa wavu, kisha huchimba katikati na kuzifukia kwa udongo wa shimo. Maharage hutangulia, mahindi hufuata, na magugu ya palizi hutupwa shimoni yaoze. Ngoro ilibuniwa kwa ajili ya miteremko, lakini somo lake la kurudisha majani ardhini halina kimo.

Ruvuma, mkoa wa Mbinga na Mbamba Bay, pia ndiko marejea yalikopigiwa debe, na mtawa Mbenediktini wa Peramiho, Padre Gerold Rupper, ndiye aliyeyahubiri kuliko wote. Mmea huo wa jamii ya kunde ulijaribiwa baadaye kama mbolea ya kijani huko Kyela, kaskazini mwa ziwa hilihili, katika mpunga unaosumbuliwa na kiduha, na mpunga ukazaa vizuri zaidi. Kwa wanaolima mtama, Tanzania iliidhinisha mwaka 2002 mbegu za Hakika na Wahi, zinazohimili kiduha. Muhogo wenyewe hauguswi kabisa.

Basi, ukikiona kimechanua kwenye shamba lako, king'oe siku hiyohiyo, kabla vifuko havijakauka. Vikiwa vimekauka, usikikung'ute wala usikiburute: kikate polepole, kitie ndani ya mfuko, ukichome moto mbali na shamba. Jembe nalo lifute udongo kabla hujamwazima jirani.