Gari la Umeme Likipoteza Nguvu

Ndugu mkulima, gari dogo la umeme lililotoka katika uwanja wa gofu laweza kukuchukulia mikebe ya maziwa. Lakini likichoka mlimani, maziwa yatachachia njiani. Usikimbilie kununua betri mpya zote. Huenda kosa ni la betri moja tu, au si la betri kabisa. Anza na yasiyo na gharama.

Kwanza, tazama magurudumu. Yajaze upepo wa kutosha. Kisha inua gurudumu kwa jeki na kulizungusha kwa mkono. Likiwa zito, breki zinakamata.

Pili, tazama nyaya. Zima gari, vua pete na saa, wala usivute sigara hapo, kwa maana betri hutoa hewa inayoweza kulipuka. Ukiona ukoga mweupe au wa kijani, fungua nyaya, osha vichwa vya betri kwa maji yenye magadi, ukiwa umefunika vizibo barabara, kisha ukaze nati. Nati iliyolegea hupata moto na kupoteza nguvu.

Tatu, tazama maji ya betri. Yakiwa chini ya vibati, ongeza kidogo mpaka vifunikwe, ujaze umeme, ndipo uongeze hadi alama. Tumia maji ya betri yaliyosafishwa, si ya mto wala ya bomba. Asidi ikikurukia jichoni, osha mara moja kwa maji mengi, kisha nenda hospitali.

Nne, pima kila betri peke yake. Gari la volti 48 mara nyingi lina betri sita za volti 8, zilizofungwa mfululizo. Umeme hupita katika zote, kama ng'ombe katika kijia chembamba: mmoja akisimama, walio nyuma yake wote husimama. Baada ya kujaza umeme na kuliacha gari lipumzike kwa saa kadhaa, kila betri nzima huonyesha karibu volti 8.5. Chukua mzigo, rudi, upime tena. Ile iliyoshuka mno kuliko wenzake ndiyo mbovu.

Kama nyingine bado ni changa, badili hiyo moja kwa ya namna ile ile. Kama zote ni kuukuu, afadhali kubadili zote pamoja, kwa sababu mpya moja itaharibiwa na wazee.

Andika vipimo hivyo katika daftari kila mwezi. Utaijua betri inayochoka kabla haijakuacha njiani na maziwa yako.