Wiski ya Uskoti: Jinsi ya Kuijua na Kuichagua Iliyo Bora

Wiski ya Uskoti ni miongoni mwa vinywaji vikali vijulikanavyo sana duniani, lakini wengi wa wale wainunuao huichagua kwa alama zisizotosha: bei kubwa, rangi iliyokolea, idadi ya miaka iliyoandikwa kwenye chupa, au umaarufu wa jina tu. Alama hizo zaweza kumpotosha hata mtu mwenye fedha nyingi. Njia iliyo ya hakika ni kujua wiski hutengenezwaje, sheria yadai nini, na pua na ulimi vina uwezo gani. Mambo hayo yana faida hata kwa mwanafunzi ambaye hataionja wiski maishani mwake, kwa sababu ya umri, ya dini au ya hiari yake, maana ni masomo ya kemia na biolojia yaliyotiwa ndani ya chupa moja.

Kimea, hamira na shaba

Neno "wiski" limetokana na maneno ya Kigaeli yenye maana ya "maji ya uhai". Kumbukumbu za hazina ya mfalme wa Uskoti za mwaka 1494 zataja kimea alichopewa mtawa John Cor ili atengeneze maji hayo.

Kazi huanza kwa shayiri. Shayiri hulowekwa, kisha huachwa ichipue. Punje ichipuapo huunda vimeng'enya, yaani protini ziharakishazo mabadiliko ya kikemia, navyo huugeuza wanga uwe sukari ya kuulisha mche mchanga. Kabla mche haujaila sukari hiyo, punje hukaushwa kwa joto. Punje iliyochipua na kukaushwa ndiyo kimea. Wapika mbege wa Kilimanjaro, waoteshao ulezi kabla ya kuusaga, wamekuwa wakiitumia kanuni hiyo hiyo kwa vizazi vingi.

Mahali pengine kimea hukaushwa kwa moshi wa mboji ya kinamasi, yaani mabaki ya mimea yaliyooza nusu na kugandamana kwa maelfu ya miaka. Moshi huo huacha juu ya punje kemikali za jamii ya fenoli. Hizo ndizo ziletazo harufu ya moshi, ya lami na ya dawa ya vidonda katika wiski nyingi za kisiwa cha Islay, kama vile Laphroaig, Lagavulin na Ardbeg.

Kimea kikisha kusagwa huchanganywa na maji ya moto yapatayo nyuzi 64 za Sentigredi. Joto likizidi mno, vimeng'enya huharibika. Maji matamu yapatikanayo hutiwa hamira, na baada ya siku mbili au zaidi huwa pombe yenye alkoholi kiasi cha asilimia 8. Pombe hiyo hukenekwa, yaani huchemshwa na mvuke wake ukapozwa uwe kimiminika tena. Alkoholi safi huchemka kwa nyuzi 78 na maji kwa nyuzi 100. Kwa hiyo mvuke utokao kwanza huwa na alkoholi nyingi kuliko pombe iliyobaki chunguni.

Wiski ya kimea hukenekwa katika vyungu vikubwa vya shaba, kwa kawaida mara mbili. Katika mara ya pili mkenekaji huyatenga yatokayo mwanzoni na yatokayo mwishoni, akachukua sehemu ya katikati tu. Shaba nayo si pambo: hushikana na kemikali za salfa zenye harufu mbaya na kuziondoa katika mvuke.

Mwaka 1830 Aeneas Coffey, aliyekuwa ofisa wa ushuru huko Ireland, alipata hataza ya mnara wa kukenekea ambao hufanya kazi mfululizo bila kusimama. Mnara huo hutoa kinywaji chepesi kwa wingi na kwa gharama ndogo, tena waweza kutumia mahindi au ngano pamoja na kimea kidogo. Kinywaji hicho huitwa wiski ya nafaka.

Kazi ya pipa

Kinywaji kipya kitokacho katika shaba hakina rangi. Huonekana kama maji. Rangi, na sehemu kubwa ya ladha, hutoka katika pipa la mti wa mwaloni. Mapipa mengi hununuliwa Marekani, ambako sheria hudai kwamba wiski ya bourbon iwekwe katika vyombo vipya vya mwaloni vilivyounguzwa kwa ndani. Kwa hiyo kila mwaka kuna mapipa mengi yaliyokwisha kutumika mara moja. Mengine ni yale yaliyotiwa divai ya sherry.

Ndani ya pipa hutokea mambo matatu. Kwanza, alkoholi huyeyusha kemikali za mti; miongoni mwake ni vanilini, itokanayo na lignini ya mwaloni. Pili, tabaka la mkaa hunasa baadhi ya kemikali zenye harufu mbaya. Tatu, hewa hupenya polepole, na kimiminika hupungua kwa kiasi cha asilimia 2 hivi kila mwaka. Waskoti huuita upungufu huo "fungu la malaika".

Kutokana na hayo yafahamika kwamba umri si kipimo cha ubora peke yake. Pipa lililochoka, hata likikaa na wiski miaka 20, hutoa kidogo. Na pipa lenye nguvu nyingi laweza kuizidi wiski hata isinukie kitu ila mbao. Tena wiski haikui ndani ya chupa: ya miaka 12 itakuwa ya miaka 12 hata ikiwekwa kabatini nusu karne.

Kesi ya Islington

Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara, miongoni mwao Andrew Usher wa Edinburgh, walianza kuchanganya wiski nzito za kimea na wiski nyepesi ya nafaka. Mchanganyiko huo ulipendwa sana, lakini wenye vyungu vya shaba walidai kuwa si wiski. Mwaka 1905 halmashauri ya Islington, London, iliwashtaki wauza pombe wawili kwa kumpa mnunuzi kitu kisichokuwa kile alichokiomba, nao wakatiwa hatiani mwaka uliofuata. Mahakimu waliosikiliza rufani waligawanyika sawasawa. Hatimaye serikali ikaunda tume ya kifalme mwaka 1908, nayo ikaamua mwaka 1909 kwamba kinywaji cha mnara nacho ni wiski.

Uamuzi huo wafaa kukumbukwa na kila adharauye wiski ya kuchanganywa. Mchanganyaji hodari huchukua wiski za viwanda vingi, ambazo hazifanani mwaka hata mwaka, akapata ladha ile ile ambayo mnunuzi anaitarajia. Sehemu kubwa ya wiski iuzwayo na Uskoti ni ya namna hiyo, kama vile Johnnie Walker, Ballantine's na Chivas Regal.

Kusoma kibandiko

Kanuni za mwaka 2009 zimegawa wiski ya Uskoti katika aina tano. "Single Malt" ni ya kimea cha shayiri peke yake, ya kiwanda kimoja, iliyokenekwa katika vyungu. "Single Grain" ni ya nafaka, ya kiwanda kimoja. "Blended Malt" ni mchanganyiko wa kimea wa viwanda viwili au zaidi. "Blended Grain" ni mchanganyiko wa nafaka wa viwanda viwili au zaidi. Na "Blended Scotch" ni mchanganyiko wa kimea na nafaka. Neno la kwanza, basi, lahusu kiwanda: halimaanishi pipa moja wala mwaka mmoja.

Aina zote lazima zikenekwe na kukomaa Uskoti, katika mapipa ya mwaloni yasiyozidi lita 700, kwa miaka isiyopungua mitatu, na zitiwe chupani zikiwa na alkoholi isiyopungua asilimia 40. Hakuna kiruhusiwacho kuongezwa ila maji na rangi ya karameli. Ruhusa hiyo ya karameli ndiyo ifanyayo rangi isiwe shahidi wa kutegemewa. Umri ulioandikwa ni wa wiski iliyo changa kuliko zote zilizomo; tone la miaka 12 likiingia katika wiski ya miaka 30, chupa yote yahesabiwa kuwa ya miaka 12.

Mtu mzima achaguaye kwa mara ya kwanza atafanya vyema kujiuliza kama aipenda harufu ya moshi. Asiyeipenda aanze na wiski za Speyside, kama vile Glenlivet au Glenfiddich, ambazo kwa kawaida hunukia matunda na asali. Au Auchentoshan ya nyanda za chini, ambayo hukenekwa mara tatu. Aipendaye atazame Islay. Atakaye kinywaji cha kuchanganya na soda au barafu hana sababu ya kutumia fedha nyingi, maana ubaridi hupunguza harufu ambazo bei ilizilipia.

Pua, maji na kiasi

Kuonja wiski ni kazi ya pua zaidi kuliko ya ulimi. Glasi iliyobanwa mdomoni hukusanya harufu. Kiasi kidogo chatosha. Desturi ya kuongeza matone ya maji ina sababu ya kisayansi. Mwaka 2017 Björn Karlsson na Ran Friedman wa Sweden walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba guaiakoli, mojawapo ya kemikali za harufu ya moshi, hukaa karibu na uso wa kimiminika alkoholi isipozidi asilimia 45. Alkoholi ikiwa nyingi zaidi, huizunguka na kuizuia chini. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba hakuna kiasi cha alkoholi kisicho na madhara yoyote kwa afya. Kwa hiyo aionjaye kwa elimu huionja kidogo.

Mipaka ya ulimi

Mwaka 2017 mgeni mmoja wa hoteli huko St. Moritz, Uswisi, alilipa faranga 9,999 kwa glasi moja ya Macallan iliyosemekana kuwa ya mwaka 1878. Shaka ilipotokea, sampuli ilipimwa kwa kaboni-14. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yaliongeza kaboni hiyo angani, na kila shayiri iliyoota baadaye imeibeba. Kipimo kilionyesha kwamba wiski ile yaelekea ilitengenezwa kati ya 1970 na 1972; na uchunguzi wa kemikali ulionyesha kwamba yaelekea ilikuwa mchanganyiko, kimea asilimia 60 na nafaka asilimia 40. Hoteli ilimrudishia mgeni fedha zake.

Yule alipoteza furaha tu, tena fedha zikarudi. Wengine hupoteza zaidi. Huko Nairobi mwaka 2000 pombe iliyotiwa methanoli iliua watu zaidi ya mia moja. Ulimi hauwezi kuitenga methanoli na alkoholi ya kawaida, wala mnywaji hajui mpaka macho yaanze kufifia. Kibandiko, muhuri wa ushuru na duka lenye leseni ni ulinzi ambao pua haiwezi kuutoa.

Jaribio la darasani

Walimu waweza kuonyesha chanzo cha wiski bila kutengeneza alkoholi. Oteshwa ulezi kwa siku tatu au nne, ukaushwe, usagwe, ulowekwe katika maji ya vuguvugu na kuchujwa. Maji hayo yagawanywe mara mbili, na sehemu moja ichemshwe kwa dakika kumi kisha ipozwe. Kila sehemu itiwe katika uji mwepesi wa wanga uliopoa, na baada ya nusu saa tone la kila uji lipimwe kwa iodini. Uji uliotiwa maji yaliyochemshwa utageuka buluu iliyoiva. Ule mwingine utabadilika kidogo tu, au usibadilike kabisa. Wanafunzi waulizwe ni kitu gani kilichokufa katika maji yaliyochemshwa.