Kidonge hakifuti fegi, mshikaji!

Wiki hii naungama. Miaka sita nilikuwa nachoma pakiti ya fegi kwa siku, halafu kila asubuhi nameza kidonge cha vitamini E. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: moshi unabomoa, kidonge kinajenga, ngoma droo.

Mwaka jana kaka yangu, mvutaji kama mimi, alianguka kazini ameshika kifua. Ana miaka 41 tu. Alipona, lakini daktari wake alinikuta nje ya wodi nimewasha. "Bwana mdogo," akaniuliza, "umeshaona msumari ulionyeshewa masika nzima?"

Akanieleza. Oksijeni inayotupa uhai huzaa pia chembe korofi mwilini. Kwa kawaida mwili unazo kinga za kuzituliza. Moshi wa sigara, kisukari na presha huziongeza hadi kinga zinazidiwa. Hapo ndipo penye mkazo wa oksidesheni, ile "kutu" yenyewe.

Mwaka 1989 Daniel Steinberg wa Marekani na wenzake walieleza kinachofuata. Kolesteroli mbaya ikinasa kwenye ukuta wa mshipa, chembe hizo huichachua. Seli nyeupe za damu huivamia na kuila mpaka zinavimbiwa, zinabaki palepale. Miaka inapita, uvimbe wa mafuta unakua kimyakimya. Siku ukipasuka, damu inaganda juu yake, njia inaziba, moyo unakosa damu. Ndiyo yaliyomkuta kaka.

"Sasa si ndiyo maana nameza vitamini?" nikajitetea.

Jamaa akacheka. Utafiti wa HOPE, uliotoka mwaka 2000, ulifuata watu zaidi ya 9,500 wenye hatari kubwa ya moyo kwa takriban miaka minne na nusu. Waliomeza vitamini E kila siku walipata mshtuko wa moyo na kiharusi sawa tu na waliopewa vidonge bandia. Pesa yangu yote, jamani!

Dawa ni kuzima moshi wenyewe. Mwaka mmoja baada ya kuacha, hatari ya ziada ya moyo aliyonayo mvutaji hupungua kwa karibu nusu.

Mimi nina mwezi wa saba. Kijiweni wananiita mlokole, poa tu. Kila Jumapili kaka ananipigia, hata salamu hatoi: "Dogo, bado hujawasha?"

Bado, kaka. Na wewe je, msomaji?