Je, Divai Nyekundu Huongeza Damu?

Swali hili tunaulizwa mara nyingi wodini, hasa na ndugu wa mama waliojifungua. Huja na chupa kapuni wakisema, "Sista, hii ni ya kumrudishia damu." Mwezi huu tumeona tulijibu.

Zabibu si ngeni Dodoma. Wamisionari waliipanda Bihawana katika miaka ya 1950, na leo familia nyingi za Hombolo na vijiji vya jirani zina mashamba madogo yanayovunwa mara mbili kwa mwaka. Katika safari ya huduma ya mkoba tulikaribishwa na familia moja inayolima na kukamua yenyewe. Baba hupogoa, mama na watoto huchuma.

Mzee alitumiminia kidogo tuonje. Rangi yake ilikaribia zambarau, na harufu ilikuwa ya zabibu mbivu, bila dalili ya siki. Ulimini ulianza uchachu, kisha ukaja ukakasi unaokausha fizi kama chai ya rangi iliyochemka mno. Baadhi yetu walikunja uso, maana wamezoea ile ya sukari. Sisi wengine tuliipenda.

Mzee alituminyia punje moja ya zabibu nyekundu: maji yake yalikuwa karibu meupe! Rangi imo katika ganda. Ndiyo maana maganda huachwa pipani siku kadhaa yakichacha pamoja na juisi, na kijana wake huyashindilia kwa mti asubuhi na jioni. Ukakasi nao hutoka katika maganda na mbegu.

Basi, jibu limo humo pipani. Wekundu wa damu hutegemea madini ya chuma. Wekundu wa divai ni rangi ya ganda tu. Tena ukakasi ule hushikamana na madini ya chuma yaliyomo katika chakula, mwili ukapata machache. Na kileo hupita katika maziwa ya mama hadi kwa mtoto.

Mkamwana wa nyumba hiyo alikuwa na kichanga cha wiki tatu, naye alipewa kikombe kila jioni. Viganja vyake vilikuwa vyeupe, na moyo ulimwenda mbio akichota maji. "Lakini sista," alisema mama mkwe, "akinywa uso unapata wekundu." Ni kweli. Huo ni wekundu wa mishipa ya ngozi inayotanuka kwa kileo, na baada ya muda huondoka. Tulimchukua katika gari letu hadi hospitali. Damu ilikuwa gramu 7 na nusu.

Kwa wenye afya, Shirika la Afya Duniani lilitamka Januari 2023 kwamba hakuna kiasi cha kileo kisicho na hatari. Wajawazito, walio katika dawa za kifua kikuu na wanaomeza metronidazoli wasionje kabisa.

Mkamwana alipewa vidonge vya madini ya chuma. Nyumbani ale maharage, dagaa, mboga za majani, na maini yakipatikana. Chai ikae mbali na chakula, na mlo ufuatane na maji ya ubuyu, kwa kuwa vitamini C husaidia mwili kuyapokea madini hayo. Mama mkwe aliuliza kama ubuyu usiotiwa sukari unafaa. Tulimwambia unafaa sana, na mbuyu uko nyuma ya nyumba yao.